Dawa na Maelezo Yake

Mjini Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, mtu ashikwaye na homa hafiki kwanza kwa daktari. Hufika katika kituo cha afya cha mtaa wake, Mudzi-Maria au Nyakasanza au Bankoko, akalipia fishi, akakaa benchini pamoja na wenzake, na zamu yake iwadiapo akaingia chumbani mwa muuguzi, ambaye kwa taadhima humwita daktari. Humo huulizwa maswali mawili matatu, hutobolewa kidole, huandikiwa dawa, kisha hutoka kumpisha anayefuata. Katika dakika hizo chache hutarajiwa awe amefahamu maradhi yaliyompata, kipimo cha dawa na saa za kuinywa, siku ya kurudi, na dalili za hatari ambazo zikitokea hapaswi kungoja mapambazuko. Na mambo yote hayo aghalabu huambiwa mtu ambaye kichwa kinamgonga, mtoto anamlilia mgongoni, na hesabu ya pesa zilizosalia inamshughulisha kuliko jambo jingine lolote.

Muuguzi yule ameisomea kazi yake kwa miaka. Anajua kuutafuta mshipa wa mtoto aliyepungukiwa maji mwilini, kuzalisha, kushona jeraha na kutazama katika darubini, na kila moja la mambo hayo alilifanya mbele ya mwalimu wake mara kadha wa kadha kabla ya kuruhusiwa kulifanya peke yake. Lakini kumweleza mgonjwa mpaka akafahamu, jambo ambalo atalifanya kila siku ya utumishi wake, huachiwa tabia yake na huruma yake. Akiwa mpole ataeleza, na akiwa na haraka hataeleza. Makala haya yanashika rai kwamba kumwelimisha mgonjwa ni fani mojawapo ya utabibu, kwamba hufundishika na hutahinika, na kwamba watu wa Ituri, kwa yaliyowapata, wana haki ya kuidai kuliko watu wa nchi nyingi.

Wala tusidhani upungufu huu ni wa Bunia pekee, au kwamba umeletwa na ufukara. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, walipima muda ambao mgonjwa huachwa ajieleze kabla ya daktari kumkatiza maneno, wakaona kwamba kwa wastani ni sekunde 18. Mwaka 2003 mtaalamu wa Uholanzi, Roy Kessels, alikusanya matokeo ya uchunguzi mbalimbali akaandika kwamba baina ya asilimia 40 na 80 ya mambo mgonjwa aambiwayo na tabibu husahauliwa papo hapo, na kwamba karibu nusu ya yale machache yanayobaki hubaki yakiwa yamekosewa. Mwaka huo huo Dean Schillinger na wenzake wa San Francisco waliwasikiliza madaktari wakizungumza na wagonjwa wa kisukari, wakabaini kwamba katika ziara moja tu kati ya tano daktari alijaribu kujua kama mgonjwa ameyashika aliyoambiwa. Na wagonjwa wa madaktari waliojaribu walikuwa na sukari iliyotulia zaidi. Hospitali zile hazikukosa umeme wala dawa wala vitabu. Kilichokosekana ni mazoea, na mazoea hujengwa chuoni.

Tuutazame mfano mmoja kwa karibu, maana katika jambo dogo la kila siku ndimo fani hii ionekanamo bayana. Mtoto anaharisha. Muuguzi anampa mama pakiti ya chumvichumvi na kumwambia aichanganye katika lita moja ya maji safi, ampe mtoto kidogo kidogo. Maneno hayo ni sahihi, na kitabuni yangepata alama zote. Lakini nyumbani kwa mama hakuna kipimo cha lita. Kuna bilauri, kuna jagi lisilo na alama, na kuna chupa ya bia ya Primus, ambayo hubeba sentilita 72. Akiimimina pakiti nzima katika chupa ile chumvi itazidi. Akiimimina katika bilauri itazidi mno, na dawa ya kumwokoa mtoto itageuka kuwa ya kumdhuru. Akiitia katika chupa kubwa ya maji ya dukani, ya lita moja na nusu, itapungua nguvu. Muuguzi asiyefunzwa huuliza, “Umeelewa, mama?” Naye mama hujibu, “Ndiyo, daktari,” kwa sababu mtu mwenye adabu hamwambii mkubwa, tena msomi aliyevaa koti jeupe, kwamba maneno yake hayakueleweka. Swali lile limemwelekeza kwenye jibu moja tu.

Muuguzi aliyefunzwa huligeuza jambo. Husema, “Mama, nimesema mengi kwa haraka, na yamkini sikueleza vema. Tafadhali nionyeshe utakavyoichanganya utakapofika nyumbani.” Mama hunyoosha mkono kuonyesha kimo cha chupa. “Nitatia katika chupa ya bia, ile tunayochotea mafuta.” Hapo, na hapo tu, ndipo kosa linapojitokeza kabla halijafika jikoni, na muuguzi hutoa mezani chupa mbili za maji za nusu lita, akamwambia kwamba mbili hizi zikijaa ndizo lita moja, na chupa ya mafuta isitumike, kisha akamwomba aeleze tena. Maongezi hayo yamechukua dakika moja na ushei. Mzigo wa kufahamu umeondolewa mabegani mwa mgonjwa ukawekwa juu ya mwelezaji, na staha ya mama haikuguswa. Hiyo ndiyo njia ambayo walimu wa uuguzi huiita kurudisha somo, na mtu akiitazama huidhani sahali mpaka ajaribu kuifanya mwenyewe mbele ya watu thelathini wanaongoja.

Ituri si nchi ngeni katika mafunzo ya utabibu. Kusini-magharibi ya Bunia ipo Nyankunde, ambako baada ya maasi ya Simba ya mwaka 1964 jumuiya kadha za wamisionari ziliunganisha nguvu na kujenga kituo kikuu cha tiba, pakiwa na daktari Carl Becker, Mmarekani aliyetibu watu wa Oicha kwa miaka mingi, na Helen Roseveare, daktari Mwingereza aliyefika Kongo mwaka 1953, akatekwa na waasi, akarudi mwaka 1966, na akashika kazi ya kuwafunza wauguzi hapo mpaka mwaka 1973. Usuli wa juhudi hiyo ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutimiza: madaktari walikuwa wachache mno hata ikawa ni wajibu wao wa kwanza kuwafunza wengine. Tarehe 5 Septemba 2002, katika vita vya Ituri, Nyankunde ilishambuliwa. Wagonjwa waliuawa vitandani, na wale waliosalimika wakakimbia kwa miguu kuelekea kusini. Chuo kilitawanyika, na taasisi ya juu ya ufundi wa tiba yenye jina la Nyankunde ikaendeleza masomo yake mjini Bunia, pamoja na taasisi nyingine za namna hiyo zilizopo mjini. Wanafunzi wa vyuo hivi ndio watakaoketi kesho katika vyumba vile vya Mudzi-Maria na Bankoko, na ndio wanaokusudiwa na makala haya.

Basi ikaja Ebola. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba maradhi hayo yameingia Kivu Kaskazini, na haukupita muda yakavuka mpaka wa jimbo na kufika Mambasa, Komanda, Bunia yenyewe, na machimbo ya dhahabu ya Mongbwalu. Mpaka mwisho wake ulipotangazwa tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 katika hao wamekufa. Mwezi wa Septemba 2018 mama mmoja aliyetoka Beni, mji wa Kivu Kaskazini, baada ya kushiriki mazishi ya mtu aliyekufa kwa Ebola na kukataa kupelekwa kwenye kituo cha matibabu, alisafiri mpaka Tchomia, ufukweni mwa Ziwa Albert, akafia huko. Wako waliomlaumu. Lakini mwenye kulaumu na aulize kwanza mama yule aliambiwa nini, na nani, kwa sauti gani, na kama alipata mtu wa kumsikiliza hofu yake kabla ya kumwamuru.

Maana katika miezi ile ya mwanzo habari zilifika kwa watu zikiwa zimevaa amri. Magari yalikuja kwa misururu, watu waliofunikwa mwili mzima wakaingia majumbani, maiti zikachukuliwa pasipo kuoshwa na jamaa zake, na mahema yakajengwa ambamo mtu aliingia akiwa hai na jamaa zake hawakumwona tena. Zaidi ya hayo watu walisikia kwamba Ebola huua na haina dawa. Na mtu mwenye akili timamu, akiisha kuambiwa kwamba ugonjwa hauna dawa, hana sababu ya kumtoa mtoto wake nyumbani akampeleke kwa wageni afie mikononi mwao. Uchunguzi uliofanywa Beni na Butembo mwezi wa Septemba 2018, ambapo watu wazima 961 waliulizwa, ulionyesha kwamba kiasi cha robo yao hawakuamini kuwa Ebola ipo. Mwezi wa Desemba mwaka huo uchaguzi uliahirishwa katika Beni na Butembo kwa sababu iliyotajwa kuwa ni Ebola na kukosa usalama, na wengi wakazidi kupata yakini kwamba maradhi yale ni siasa. Hofu ilizaa chuki, na chuki ikazaa damu. Daktari Richard Mouzoko wa Kameruni, aliyekuwa akilitumikia Shirika la Afya Duniani, aliuawa hospitalini Butembo tarehe 19 Aprili 2019. Na mwezi wa Novemba mwaka huo wahudumu waliuawa Biakato, ambayo imo katika Ituri.

Nimeyakumbuka mambo haya kwa sababu moja. Jaribio kubwa la dawa lililofanywa Beni, Butembo, Katwa na Mangina lilithibitisha mwaka 2019 kwamba dawa mbili zilipunguza vifo kwa kiasi kikubwa, na mojawapo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, kwa kazi ya profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake. Kwa wale waliofika wakiwa na virusi vichache mwilini, yaani wengi wao waliofika mapema, karibu tisa kati ya kumi walipona. Kwa waliofika wakiwa na virusi vingi, wengi walikufa ijapokuwa dawa ilikuwa ile ile. Maana yake ni kwamba tangu siku ile nusu ya tiba ilikuwa katika chupa na nusu ya pili ilikuwa katika maneno ya kumfanya mtu aje siku ya kwanza badala ya siku ya sita. Dawa ilitengenezwa na mabingwa katika maabara zilizogharimiwa fedha nyingi. Maneno yaliachiwa mtu yeyote.

Hata hivyo palikuwa na waliojifunza, na yafaa watajwe kwa kheri. Shirika la tiba la ALIMA lilileta Beni vyumba vyenye kuta za plastiki inayopitisha nuru, ambamo mgonjwa alilala na jamaa zake wakamwona kwa nje, wakamsemesha, wakashuhudia akilishwa na kutiwa maji. Uvumi kwamba watu huchinjwa ndani ya mahema haukuweza kusimama mbele ya ukuta ambao kila mtu anaona ndani yake. Waliopona, ambao miili yao ilikwisha kupata kinga, waliajiriwa kuwatunza watoto wadogo ambao wazazi wao walikuwa wamelazwa, na neno moja la mtu aliyepona lilikuwa na uzito kuliko mabango yote. Mazishi nayo yakarekebishwa, jamaa wakapewa nafasi ya kuomba, kuchagua sanda na kusimama karibu. Ghairi ya hayo, watu zaidi ya 300,000 walikubali kuchanjwa, na haikuwa kwa kushurutishwa.

Majirani wetu wa mashariki walikwisha kutuachia fundisho la namna hii. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo kwayo karibu watu wazima milioni 2 walikusanyika vikundi vikundi kusikiliza redio, kusoma kijitabu, kisha kujadiliana na kuamua wafanye nini katika kijiji chao: wachimbe vyoo, wafyeke nyasi zinazozunguka nyumba, wafukie madimbwi ya mbu. Viongozi wa vikundi hawakuwa matabibu, lakini walifunzwa kabla ya kuanza, na walifunzwa kuuliza. Sitaki kusema kwamba kampeni ile ilimaliza maradhi. Vyoo vingine vilichimbwa na kuachwa. Lakini ilithibitisha kwamba mtu wa kawaida huweza kufunzwa ufundi wa kuongoza mazungumzo ya siha kwa siku chache, na ikiwa mkulima wa Dodoma aliweza, sioni hoja ya kusema kwamba mwanafunzi wa tiba hawezi. Miaka mitano baadaye, katika tamko la Alma-Ata la Septemba 1978, mataifa yaliitaja elimu ya wananchi juu ya matatizo yao ya afya kuwa ya kwanza katika orodha ya huduma za msingi, ikitangulia lishe, maji, chanjo na dawa. Zaire wakati huo iliipokea fikra hiyo, na katika miaka ya 1980 nchi ikagawanywa katika zoni za afya ambazo zingalipo.

Ulaya na Marekani ziliingia kwa mlango mwingine, mlango wa kisukari, kwa sababu ugonjwa huo haumwachi tabibu nafasi ya kujidanganya: mgonjwa ndiye anayejidunga sindano, anayechagua chakula, anayetambua kwamba sukari imeshuka. Leona Miller, katika hospitali ya watu maskini huko Los Angeles, alichapisha mwaka 1972 habari kwamba kwa kuwafunza wagonjwa na kuwapa njia ya kuuliza kwa simu, waliokuja wakiwa wamezirai kwa kisukari walipungua kwa theluthi mbili. Jean-Philippe Assal wa Geneva akaenda mbele zaidi, akaanza kuwafunza matabibu wenyewe namna ya kufundisha, na mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa mafunzo hayo. Ufaransa, ambayo vyuo vyetu huvitumia vitabu vyake, iliitia elimu ya mgonjwa katika sheria mwaka 2009. Sisi tulichukua vitabu vya maradhi, na hicho cha kufundisha kikasahauliwa rafuni.

Nao wagonjwa wa namna hiyo wamekuwa wengi Bunia. Mwenye presha hunywa vidonge, hujiona mzima, huacha; mwenye kifua kikuu hupata nafuu katika mwezi wa pili na kuona hasara kurudi kituoni kwa miezi minne iliyosalia; mwenye kisukari asiye na jokofu huambiwa aihifadhi insulini mahali penye baridi, wala hapana amwambiaye kwamba mtungi wa udongo wenye maji, ukiwekwa kivulini, waweza kumfaa. Mintarafu ya waliohamishwa na vita wanaokaa kambini Kigonze, shida huzidi, kwa kuwa wengi hawajui watakuwa wapi wiki ijayo. Fauka ya hayo elimu haipiti njia moja. Katika nyanda za juu za Djugu na Mahagi, ambako tauni haijaisha, mama anayesema kwamba panya wamekufa ovyo chini ya ghala humpa muuguzi habari ambayo hakuna darubini ingempa mapema namna ile, ikiwa tu muuguzi amemwacha aseme.

Itasemwa kwamba jambo hili lipo tayari. Kila asubuhi ya kliniki ya wajawazito huwa na kozeri: wanawake huketi, muuguzi husimama, huimba nao wimbo, huhutubia juu ya chandarua au chakula cha mtoto, hupigiwa makofi. Siidharau kozeri, imewafikishia wengi habari njema. Lakini hotuba kwa watu arobaini haimfikii yule mmoja ambaye mumewe amemkataza kulala chini ya chandarua, na mwanafunzi anayeiona kozeri pekee hutoka chuoni akidhani kwamba kuelimisha ni kuhutubu. Reko, yaani wale wahamasishaji wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba, aghalabu wanaijua fani hii kuliko sisi, kwa sababu huketi uani na kuulizwa maswali. Ningependa mwanafunzi wa udaktari afuatane na reko kwa wiki kadha, akiwa mwanafunzi wake.

Mafunzo yenyewe hayahitaji fedha nyingi. Mwanafunzi na apewe mtu wa kuigiza mgonjwa, mama wa sokoni kwa mfano, ambaye hajui Kifaransa, amweleze presha kwa Kiswahili cha Bunia au kwa Kilendu, Kihema, Kialur au Kibira, pasipo neno la kitabuni, wenzake wasikilize, kisha yule mama, wala si profesa, aulizwe amefahamu nini. Aliyeshindwa arudie mpaka afaulu, kama anavyorudia kushona jeraha. Mtihani wa mwisho uwe na chumba kimoja cha namna hiyo, na asiyepita chumba hicho asipewe diploma. Wasimamizi wa zoni za afya nao, wanapokagua vituo, wakae dakika kumi pembeni na kusikiliza, badala ya kuhesabu tu makaratasi.

Najua jibu la wauguzi: watu ni wengi, mishahara huchelewa, na muda hautoshi. Ni kweli, tena ni kweli yenye uchungu, na serikali inadaiwa. Lakini mgonjwa aliyekosa kufahamu hurudi, na anaporudi huwa mahututi, na muda unaomwokoa akiwa mahututi ni mrefu maradufu kuliko ule ambao ungalitumika kumweleza.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa taasisi za tiba za Bunia waanze na mwaka wa masomo ujao, kwa chumba kimoja cha mtihani na akina mama wachache wa kuigiza. Nawe msomaji, siku utakapoingia chumbani mwa muuguzi, usitoke kabla hujamrudishia kwa maneno yako mwenyewe aliyokuambia: dawa gani, kiasi gani, mpaka lini, na dalili ipi ikurudishe usiku huo huo. Akikereka, vumilia na uulize tena. Ni haki yako.